Mkono wa Kulia Chakula

Ijumaa, tarehe 6

Mke wangu amenipa daftari hili. Yeye ni mkunga, na kwenye mafunzo yao ya kazini wameambiwa kwamba mtu akiandika kila siku jambo moja la kushukuru, presha inashuka. Presha yangu haijapanda. Imepanda yake, kwa sababu yangu, lakini daftari nimepewa mimi. Haya. Nashukuru kwa daftari.

Habari kubwa ni safari. Tunakwenda milima ya magharibi kwa gari, mimi na yeye tu, kwa ile njia ya mawe ambayo gari dogo halithubutu, mpaka kwenye ziwa lililoko juu kabisa. Ametaka kuliona ziwa hilo tangu tuoane, miaka ishirini na miwili. Kila mwaka nilipata sababu. Mwaka mmoja mgongo. Mwaka mwingine mgongo tena, sehemu nyingine. Sasa amepata likizo ya siku saba, na kaniambia kwa upole kabisa kwamba nisipompeleka mimi, atapelekwa na mwanyumba wangu.

Mwanyumba ni mume wa dada yake. Alikwenda huko mwaka jana, na tangu arudi hatujapumua. Arusini, mlima. Msibani, mlima, kwa sauti ya chini. Ameshapanga kila kitu: yeye usukani, mkewe mbele, mke wangu nyuma, na mimi nyuma vilevile, nimepakata sanduku la chakula. Alisema hivyo mbele za watu huku akinipigapiga bega. Nipakate sanduku la chakula!

Nikatangaza palepale kwamba tunaondoka Jumapili.

Sasa niandike jambo ambalo sijamwambia binadamu yeyote. Daftari nitalificha nyuma ya makopo ya rangi ya zambarau, ambayo hakuna mteja anayeitaka. Mimi sijui kulia na kushoto.

Kosa si langu. Darasa la kwanza mwalimu alitufundisha kwamba mkono wa kulia ni ule wa kulia chakula. Akasema kila mtu ainue mkono anaolia. Tulikuwa watoto sitini. Mimi nala kwa mkono mwingine, nimezaliwa hivyo, nikainua huohuo, na katika msitu wa mikono hakuna aliyeniona. Somo likaingia likakaa. Nilipogundua kwamba dunia nzima iko upande wa pili nilikwishaota ndevu, na kichwa kilikuwa hakigeuki tena. Nikiambiwa kulia, mwili unakwenda wenyewe kwenye mkono wangu wa chakula.

Hapa mjini si shida, njia zote nazijua kwa macho. Hata kazini natamba. Nachora mabango, kazi ya mishale mitupu, na nimewahi kulaumiwa mara moja tu, pale hospitali, bango la WODI YA WAZAZI KULIA, ambapo kina mama watatu waliishia stoo ya magodoro. Na pale waliokosea ni waliotundika. Isitoshe, ndipo nilipompata mke. Alitoka na gauni lake la kazi, akasimama chini ya bango, akalitazama, akanitazama mimi, akacheka mpaka akashika ukuta. Nikajua huyu amenipenda.

Lakini mlimani kuna makorongo. Yeye atasoma ramani na mimi nitaendesha. Akisema kulia nikaenda kwangu, hatutarudi kusimulia. Na nikisema ukweli, nimepakata sanduku mpaka uzee wangu.

Nina mpango.

Jumamosi, tarehe 7

Mpango wangu ni rangi. Mchora mabango akiwa na rangi kwenye kucha, nani atashangaa? Kidole gumba cha kulia chekundu, cha kushoto bluu. Nikiambiwa kulia natafuta nyekundu. Kazi imekwisha.

Tatizo lilikuwa kujua kipi ni kipi bila kuuliza. Nilipokwenda kwa Fundi kuchukua gari nikamtega. Fundi ananiazima gari lake la kazi, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, na mimi nikirudi nitamchorea bango la gereji. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba wengine siku hizi wanakanyaga mafuta kwa mguu wowote. Akasema mafuta ni mguu wa kulia, na asiyejua hilo asiguse gari lake. Nikacheka naye. Nikaingia ndani, nikaketi, nikatazama mguu wangu ulipo, nikapaka kidole cha upande huohuo chekundu kabla sijasahau. Miaka yote hiyo nimekanyaga mafuta kwa mguu ambao niliamini ni wa kushoto, na gari lilikwenda. Nashukuru kwamba magari hayaulizi maswali.

Mchana Mwanyumba akaja kukagua. Akapiga teke matairi yote manne na la akiba. Akasema njia hiyo inataka mtu mwenye kifua. Akasema juu kabisa kuna kibao, na nikifika nimpige picha mke wangu penye kibao, la sivyo hatatuamini. Nikasema atapata picha ya kuweka sebuleni kwake.

Kisha nikakalia miwani yangu ya kusomea. Kioo kimoja kimepona.

Jumapili, tarehe 8

Tumeondoka asubuhi. Mke wangu alikuwa na ramani magotini na kitambaa kipya kichwani, amefurahi waziwazi, na mimi kumwona hivyo nikaona aibu kwa habari ya mgongo.

Njia panda ya kwanza akasema kushoto. Nikatupa jicho kidoleni. Bluu. Nikakata kushoto kwa madaha. Akafungua mdomo, akaufunga. Baada ya dakika kumi njia ikaishia kwenye ua wa mfuga kuku, na kuku kama elfu moja wakaacha kula wakatutazama. Mke wangu akaangalia ramani. Akanitazama mimi kwa muda mrefu. Akasema labda tumepotea kidogo.

Njia panda ya pili akasema kulia. Nyekundu. Nikakata. Tukatokea kwenye kiwanja cha mpira, nyuma ya goli, mechi ikiendelea. Kipa alitupungia mkono akafungwa. Tuliondoka haraka.

Mara ya tatu akanyamaza, akaonyesha kwa kidevu. Hapo tukapita vizuri.

Nimekaa hapa kwenye kibaraza cha nyumba ya wageni nikifikiri, na jibu limenijia kama maji baridi. Vidole vyangu havina kosa, Fundi mwenyewe ndiye shahidi. Kwa hiyo asiyejua kulia na kushoto ni mke wangu! Maskini. Mkunga mzima, mwenye vyeti ukutani. Na miaka yote hii sikuona, kwa sababu yeye alikosea na mimi nikakosea, na makosa yakafutana, tukafika kila tulikokwenda.

Sitamwaibisha. Kuanzia kesho akisema kulia nitakwenda kushoto, akisema kushoto nitakwenda kulia, kimya kimya, na hatajua kamwe kwamba najua. Namshukuru Mungu kwa kunipa mwenzangu mwenye kasoro ileile. Wengine wanaoana na watu wasiofanana kwa lolote.

Jumatatu, tarehe 9

Siku mbaya. Nitaanza na shukrani nisije nikasahau: nashukuru kwamba tairi la akiba linaelea.

Asubuhi tulifika kwenye geti linapoanzia njia ya mawe. Mlinzi wa geti ni mama mmoja mwenye koti la mvua na daftari kubwa. Anaandika jina la kila dereva, saa ya kupanda na saa ya kushuka. Akatuambia mvua zikianza geti linafungwa kwa miezi, na kwa mawingu anayoyaona zimebaki siku chache. Akatuambia vilevile kwamba kuna mto, tushike upande wenye mawe, kwa kuwa upande wa pili una shimo.

Njia ilikuwa nzuri kupita maelezo. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka mabondeni, miti imefuga ndevu za kijani, na kila kona ilifungua mlima mwingine nyuma ya ule tuliodhani ni wa mwisho. Gari likaguna kwenye gia nzito. Mke wangu akalisemesha kama anavyowasemesha wazazi wake wodini: taratibu, mama, pumua, usiwe na haraka, unafanya vizuri. Wallahi gari likapanda.

Tukafika mtoni. Akainuka kitini, akaangalia maji, akasema kulia. Safari hii alisema polepole sana, kama mtu aliyekwisha kulifikiria neno. Nikamwonea huruma. Nikaenda kushoto.

Shimo lipo. Mama wa geti hakutia chumvi.

Maji yaliingia mpaka kwenye viti. Sanduku la chakula likaelea likaanza safari yake dirishani. Nikalidaka. Likawa halina pa kuwekwa. Nikalipakata. Nilikaa hivyo katikati ya mto, nimepakata sanduku la chakula, na nikamwona Mwanyumba mbele ya macho yangu akinipigapiga bega.

Ilituchukua saa tatu kutoka. Tulibeba mawe, tukapiga jeki, tukapanga mawe chini ya matairi, mke wangu kavua viatu, maji magotini, akinielekeza lini nisukume na lini nipumzike. Hakupandisha sauti hata mara moja. Tulipotoka akakaa juu ya jiwe akikamua kitambaa chake kipya. Akasema labda ziwa lisubiri. Akasema labda mwakani aje na dada yake na shemeji, kwa kuwa shemeji njia anaijua.

Hakulisema kwa ubaya, na ndiyo maana liliniuma. Angenigombeza ningejua la kufanya.

Nikamwomba siku moja zaidi. Akakubali shingo upande. Tumeanika nguo zote juu ya gari, na nimefikiri upya: mwenzangu leo alisema sawasawa, jana alisema kinyume. Kumbe anakosea siku nyingine na siku nyingine hakosei! Kwa hiyo nitamsikiliza sauti. Akisema haraka, nageuza. Akisema polepole, sigeuzi. Hapo siwezi kushindwa.

Jumanne, tarehe 10

Daftari bado lina unyevu wa mto. Naandika hivyohivyo.

Karibu saa nne asubuhi tulifika mahali ambapo njia imemegeka. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine hakuna kitu. Kilichobaki katikati kilikuwa upana wa gari na kiatu kimoja. Kurudi nyuma hakuna, kugeuza hakuna. Mke wangu akashuka, akatangulia mbele, akageuka kunitazama ili aniongoze. Nikatia gia nzito, nikapiga moyo konde.

Akasema kulia kidogo. Sasa, alisema haraka au polepole? Upepo ulikuwa unapiga. Halafu amenigeukia, kwa hiyo kulia kwake kuko wapi? Nikatazama kidole. Matope ya jana yamefunika kucha zote mbili. Gari lilikuwa linatembea. Nikakata.

Tairi la mbele likapanda ukingo, na jiwe likatoka chini yake likaenda. Nilingoja kulisikia likitua. Sikulisikia.

Nikakanyaga breki. Niliogopa kama mtoto mdogo, na niliogopa zaidi kwa ajili yake, maana nilimwona amesimama pale mbele mikono kifuani na uso umempauka, na nikajua kwamba ni mimi niliyemleta hapa kwa ajili ya maneno ya Mwanyumba na kwa ajili ya kuficha kitu ambacho mtoto wa darasa la kwanza angekisema.

Akaja dirishani taratibu. Akasema nivute breki ya mkono. Nikavuta. Akasema nimwonyeshe mikono. Nikamwonyesha. Akafuta matope kwenye vidole vyangu gumba kwa pindo la kitambaa chake, akaona nyekundu, akaona bluu. Akauliza hii ni nini.

Nikamwambia. Nilimwambia yote: mwalimu, watoto sitini, mkono wa chakula, mguu wa mafuta, kuku, na jinsi nilivyokuwa namsitiri kwa kasoro yake.

Aliposikia habari ya kasoro yake akafunika mdomo. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na machozi yanatoka kwelikweli.

Kisha akaniambia anajua. Amejua tangu lile bango la hospitali. Mwezi wa kwanza wa ndoa alinijaribu tukiwa tunahamisha kabati, akapata uhakika, na tangu siku hiyo kila akitaka niende kulia husema kushoto, na kila akitaka kushoto husema kulia. Miaka ishirini na miwili. Watoto wetu wawili aliwafundisha wakiwa wadogo kwamba kuna kulia kwa watu na kulia kwa Baba, na wasiniambie, kwa kuwa Baba hapendi. Jumapili nilipoanza ghafla kwenda kulia kwa watu, akachanganyikiwa kabisa. Jumatatu akaamua basi, naye aseme kama watu. Ndiyo siku niliyoanza kugeuza.

Nikakumbuka asubuhi alipopata uchungu wa mtoto wa pili. Nilikuwa naendesha mimi, barabara kuu imefungwa, tukapita vichochoro nisivyovijua. Yeye ameuma leso, jasho linamtoka, ananiambia kushoto, sasa kulia, sasa kushoto. Tulifika bila kukosea hata kona moja. Na miaka yote nimekuwa nikijisifu kwa safari ile. Kumbe mtu yuko katika uchungu wa kuzaa na bado anageuza maneno kwa ajili yangu.

Nikalia. Huko ndiko kulia pekee ambako sijawahi kukosea.

Akaniacha nilie kidogo, si sana, kwa kuwa tairi lilikuwa bado hewani. Halafu akasema kwa ile sauti yake ya wodini kwamba leo hakuna kulia wala kushoto. Kuna mlimani na kuna bondeni. Je, mlima nauona? Nauona. Bonde? Kupita kiasi. Basi, akasema, nimsikilize yeye tu na nipumue.

Akarudi mbele. Mlimani kidogo. Mlimani tena. Simama, pumua. Bondeni, unywele tu. Mlimani. Njoo, njoo, unafanya vizuri, njoo. Sikumbuki nilivyopita. Nakumbuka sauti yake tu, na kwamba sikuwa na shaka hata na neno moja.

Tulipovuka nikashuka, nikamkumbatia katikati ya njia. Alikuwa anatetemeka kuliko mimi.

Jumatano, tarehe 11

Tumefika.

Ziwa ni dogo. Nilidhani litakuwa kubwa. Limekaa katikati ya vilele vitatu, maji yametulia mpaka mawingu yamo ndani yake, na kimya chake kinamfanya mtu anong'one bila kuambiwa. Mke wangu alisimama ukingoni muda mrefu. Kisha akaingiza miguu majini, akapiga ukelele kwa baridi, akacheka, akaniita na mimi. Maji yale yana baridi ya kuvunja mfupa. Nikaingia.

Tulikaa juu ya jiwe tukala mkate uliolowa na kukauka. Nilikula kwa mkono wangu, yeye kwa wake. Kwa kuwa tulikaa ubavu kwa ubavu, mikono yetu ya chakula ilikuwa ya nje, ile mingine ikabaki katikati, haina kazi, tukashikana. Hatukupanga. Akasema tumekuwa tukila hivi miaka yote, mimi ndiye sikuwa naangalia.

Akaniomba mambo mawili. La kwanza, nichague: ama rangi, ama yeye, si vyote viwili kwenye gari moja. Nikafuta kucha kwa mafuta ya taa mbele yake. La pili, niahidi kwamba kuanzia leo, nisipojua, nitauliza. Niulize tu kama watu wengine. Nikaahidi, na nilimaanisha kwa moyo wangu wote.

Picha nimepiga. Yeye penye kibao, ziwa nyuma yake, jua usoni, sijamwona mzuri namna ile kwa siku nyingi. Mama wa watoto wangu. Leo sina jambo moja la kushukuru. Ninayo mengi, na daftari ni dogo, na mwandiko wangu wa mabango unamaliza ukurasa upesi.

Nashukuru kwa mwalimu wa darasa la kwanza. Bila yeye ningemwongoza mama yeyote vizuri kwenye wodi yoyote, na huyu asingetoka nje kunicheka.

Alhamisi, tarehe 12

Tumeshuka kwa mlimani na bondeni, mwendo wa ngoma ya harusi. Penye mmegeko tulipita kwa dakika nne. Mtoni tulipita penye mawe. Tulipofika tambarare hakuna tena mlima wala bonde, basi yeye akarudi kwenye desturi yake ya kugeuza na mimi kwenye desturi yangu ya kukosea, na tukaenda kama maji ya mfereji. Nilimuuliza haoni taabu. Akasema siku hizi hata wodini anasita kidogo kabla ya kumwambia muuguzi ashike mkono upi.

Jambo jingine, ambalo nimeahidi kutolisema. Getini, wakati mke wangu amekwenda kunawa, mama wa koti la mvua alinipa daftari nitie sahihi. Upepo ukafunua kurasa. Nasisitiza ni upepo. Nikaona jina la Mwanyumba, mwaka jana. Kupanda, saa tatu asubuhi. Kushuka, saa nne na robo.

Saa moja na robo! Kwa muda huo hata mtoni hafiki, sembuse kileleni.

Nilipiga mluzi mpaka kwenye gari. Mke wangu akanikazia macho, nikamwambia. Akacheka sana, kisha akasema dada yake alikwisha kumwambia zamani, na nimwache mwanamume wa watu na mlima wake, kwa kuwa kila mtu ana kitu anachofichiwa na mkewe. Hilo la mwisho lilinipata. Nikaahidi. Hizo sasa ni ahadi tatu kwa wiki moja, na hiyo ya kucha nimeshaitimiza.

Jumamosi, tarehe 14

Nyumbani. Mwanyumba alikuja jana na mkewe kuona picha. Nikamkabidhi nimevimba kichwa. Akaiangalia, akaigeuza, akaangalia tena. Mke wangu anaonekana vizuri. Ziwa linaonekana. Penye kibao kuna kidole changu gumba, kimeziba maandishi yote. Akasema hapo panaweza kuwa popote. Akanipigapiga bega.

Ahadi ni ahadi. Nilikohoa tu, mara moja kwa ile saa moja, na kidogo tena kwa ile robo. Mwanyumba hakuelewa. Mkewe alielewa, akaenda jikoni kucheka.

Leo nimekwenda kwa Fundi kulipa deni langu la bango. Kaniambia niandike GEREJI, INGIA KULIA, na mshale. Nikachora kwa roho nyeupe, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, mshale mnene wa kupendeza, bila kumuuliza mtu, kwa kuwa mtu aliyepita penye mmegeko ule hawezi kubabaishwa na mshale. Tukatundika saa tano. Kufikia saa saba magari mawili na pikipiki yalikuwa yameingia kwa jirani, seremala wa majeneza. Mwenye pikipiki ameondoka amekasirika.

Nimemweleza Fundi kwamba tatizo liko kwenye kutundika. Akaniambia bango tumelitundika sote wawili, yeye ameshika ngazi.

Basi mke wangu, ambaye likizo yake iliisha jana, akapita akitoka kazini, na gauni lake lilelile la kazi. Akasimama chini ya bango, akalitazama, akanitazama mimi. Akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi moyo ukanidunda kama siku ile ya stoo ya magodoro, na nikamshukuru Mungu kimya kimya kwamba ninalipwa mara mbili kwa kosa moja. Akafuta machozi, akasema nigeuze mshale uelekee kushoto, akaenda zake nyumbani.

Niko juu ya ngazi tangu hapo, brashi mkononi. Amesema kushoto. Lakini ni kushoto kwa watu, au kushoto kwa Baba?

Ningeweza kuuliza. Nyumbani ni dakika tano kwa miguu, na niliahidi, na nilimaanisha. Ila nimepata wazo bora zaidi, wala sielewi kwa nini halikunijia miaka yote hii. Nimeuchora mshale wenye vichwa viwili. Fundi nimemwambia huo ndio mtindo mpya.